Mposho, lopitali na uwanja wa mupira: mambo Union Minière inatufundisha juu ya kutunza wafanyakazi

Siku hizi maneno "afya na hali njema kazini" yanasikika karibu kila biro. Kampani za madini kule Kolwezi na Fungurume, mabanki za Lubumbashi, mashirika za Goma na Bukavu, wote wanatafuta kijana mwenye diplome wa kuwaandikia mupango wa kusaidia wafanyakazi wajisikie vizuri. Na mara mingi kijana yule anafanya nini? Anafungua intaneti, anachukua mupango wa Ulaya ao wa Marekani, anabadilisha jina la kampani, anapeleka kwa direkta. Ndani yake kuko mazoezi ya kunyoosha mwili saa sita, mashindano ya kuhesabu hatua, kikapo cha matunda siku ya kwanza ya juma, na masomo ya kupumua. Miezi sita inapita, hakuna mutu anakuja tena. Kiisha wakubwa wanasema: "Wafanyakazi wetu hawapendi afya yao."

Hapana. Wanapenda afya yao sana. Shida ni kwamba mupango haukuuliza namna gani wanaishi. Tena kuko jambo tunalosahau: kwetu Katanga, kutunza wafanyakazi si kitu kipya kilichotoka mu kompyuta. Karibu miaka mia iliyopita, hapa hapa, kampani moja ilijenga mupango wa kutunza wafanyakazi ulio kati ya mipango mikubwa zaidi Afrika. Ulikuwa na lopitali, chakula, nyumba, masomo, michezo, ata sanduku la maiti. Sehemu moja ya mupango ule ilifanikiwa sana. Sehemu ingine ilianguka, na wengi kati yetu tulikomea ndani ya maanguko yake. Kwa hiyo, mbele ya kukopi mambo ya mbali, tusome kwanza ya kwetu.

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa. Kazi ilikuwa nyingi, watu walikuwa wachache. Basi wakatafutwa mbali: wengine kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, wengine waliletwa na Bourse du Travail du Katanga, shirika lililoanzishwa mwaka 1910 kwa kutafuta nguvu za kazi mu vijiji. Mutu alikuwa anakuja bila bibi, anatumika miezi michache, anarudia kwao. Kambi zilikuwa chafu, vibanda vilijaa watu, maji hayakuwa safi. Waliugua nyumonia, tumbo la kuhara na homa ya matumbo, na wengi walikufa. Mwaka 1918 homa kubwa ya dunia nzima ikapita, ikamaliza wengine. Vijijini habari zilifika upesi. Vijana walipoona mutafuta-watu anakuja, walikimbilia mu pori.

Hapo njo tunapashwa kuelewa jambo la kwanza. Kampani haikuanza kutunza watu ju ya huruma. Ilianza kwa hesabu. Mutu akikufa, ao akirudia nyumbani kisha miezi sita, kampani inapoteza feza ya kumutafuta, ya kumusafirisha na ya kumufundisha kazi. Katika miaka ya 1920 serkali ya koloni nayo ilianza kuweka mipaka ju vijiji vilikuwa vinaisha wanaume. Kampani ikatafuta ata mu Ruanda-Urundi, ikaleta watu kwa maelfu. Walitoka milimani kwenye baridi, walizoea maharagi, viazi vitamu na ndizi. Walipofika Katanga wakapewa bunga ya mahindi kila siku. Wengi waliugua. Sisi tuliosoma kilimo tunajua kwamba chakula si hesabu ya nguvu za mwili tu. Tumbo nalo lina mazoea yake, na mutu aliyeondolewa kwa chakula chake kwa siku moja anakuwa mugonjwa mbele ya kuanza kazi.

Basi karibu mwaka 1928 kampani ikageuza njia. Ikaanza siasa iliyoitwa stabilizasio, maana yake kumukalisha mufanyakazi fasi moja. Kontra ikawa ya miaka mitatu. Mwanaume akaruhusiwa, tena akasukumwa, kuleta bibi yake. Nyumba za matofali zikajengwa, kila jamaa na yake. Mutu aliyesimamia mambo hayo alikuwa munganga, Dr Léopold Mottoulle. Aliongoza idara ya wafanyakazi weusi iliyojulikana kwa herufi M.O.I., na mwaka 1946 alitoa kitabu kizima juu ya siasa hiyo ya kampani.

Mupango wenyewe ulikuwa namna hii. Kila juma jamaa inapokea mposho: bunga, nyama ao samaki, maharagi, mafuta ya ngazi, karanga, chumvi. Kipimo kilihesabiwa na wanganga: mwanaume kiasi hiki, bibi kiasi hiki, mutoto kiasi hiki. Bibi mwenye mimba anafuatwa na dispanseri, anazalia lopitali, mutoto wake anapimwa uzito. Watoto wanasoma kwa wamisionere, na kampani inasaidia masomo. Wamama wanafundishwa kushona, kufuma na kupika mu foyer social. Siku ya yenga kuko mupira, ngoma na fanfare. Na wakati mutu anakufa, kampani inatoa sanduku.

Matokeo yalionekana. Vifo vilipunguka sana, watoto wakazaliwa wengi mu kambi, na wanaume wakabaki kazini miaka kumi, makumi mawili. Tusiwe watu wa kukataa kila kitu ju kimeletwa na mukoloni. Mutoto aliyekuwa atakufa akapona, njo faida, hakuna neno ingine. Wazee wetu walisema: "Union Minière njo baba, njo mama." Hawakuwa wanacheka. Walijua namna vijiji vilivyoteseka, na walijua namna watoto wao walivyokuwa wanakula.

Lakini tuangalie vizuri neno lile "baba." Baba analisha, ndiyo. Baba tena anaamuru, na mutoto hajibu.

Kila kambi ilikuwa na shefu wake muzungu. Watu walimuita Tshanga-tshanga, maana alikuwa anachanganya makabila yote fasi moja. Yeye njo alijua nani amelala wapi, nani amepokea mugeni, nyumba ya nani haikufagiliwa. Bibi aliyeandikwa mu kitabu cha kampani alikuwa moja tu. Kutengeneza pombe ndani ya kambi kulikatazwa, na mama aliyezoea kuuza vitu sokoni ao kulima shamba lake alionekana kama anapoteza wakati. Mufano uliotakiwa ulikuwa wa jamaa ya Ulaya: bwana anatumika, bibi anabaki nyumbani, watoto wanamungojea baba. Kijijini bibi yule alikuwa mulimaji. Gala lilikuwa lake, mbegu zilikuwa zake, na neno lake lilisikiwa. Kambini akawa mutu wa kungojea mposho.

Na mposho wenyewe ulileta ugomvi ambao wanganga wa kampani hawakuuelewa upesi. Walipima chakula kwa jamaa ya watu wanne, lakini kwenye sahani walikula saba: mudogo wa bwana aliyekuja kutafuta kazi, shangazi mugonjwa, mutoto wa ndugu aliyekufa. Kwetu bukari haipikwi kwa kuhesabu vichwa. Mugeni akifika wakati wa kula, ananawa mikono. Kampani iliona tabia hiyo kama hasara, ao kama mufanyakazi anauza chakula chake. Ikaanzisha kantini za watoto, wakule mbele ya macho ya watu wa kampani, ili chakula kisiende kwa wengine. Kwa uzito wa watoto ilisaidia. Kwa jamaa ilisema kitu kingine: "Hatuwaamini ninyi wazazi." Mupango unaweza kuponyesha tumbo na kuumiza heshima siku ile ile.

Ilikuwa vile vile kwa kunyonyesha. Desturi ya vijiji vingi ilikuwa mama anyonyeshe miaka miwili ao mitatu, na mimba ingine isikuje mbele. Desturi ile ilikuwa na akili yake: mutoto anapata nguvu, na mama anapumzika. Wazungu waliotaka watu waongezeke upesi waliona muda ule ni mrefu mno, wakasukuma wamama wapunguze. Leo wanganga wa dunia nzima wanatuambia tunyonyeshe mutoto hadi miaka miwili na zaidi! Wakati mwingine ile tunayoita "desturi ya zamani" inajua kitu ambacho mutaalamu mugeni hajakisoma bado.

Ugonjwa wa mupango ule ulionekana kabisa mwaka 1941. Ilikuwa vita ya pili ya dunia. Shaba ya Katanga ilitakiwa sana, kazi ikazidi, na bei ya nguo na vitu vyote vya dukani ikapanda, lakini mushahara haukufuata. Mu mwezi wa kumi na mbili wafanyakazi weusi wakaacha kazi. Wangetaka kupeleka shida yao kwa nani? Hawakuwa na sendika ya kuwasemea. Wakakusanyika Elisabethville kwenye uwanja wa mupira, na tarehe 9 mwezi wa 12 askari wakafyatua bunduki. Makumi ya watu walikufa, kati yao Léonard Mpoyi aliyekuwa anasema kwa jina la wenzake.

Wandugu, tusimame kidogo fasi hii. Uwanja wa mupira ulikuwa sehemu ya mupango wa hali njema. Ulijengwa ili mufanyakazi afurahi, apumzike, asifikiri mambo mabaya. Na njo pale pale alipouawa siku aliyotaka kusema. Kampani ilikuwa inajua uzito wake, homa yake, idadi ya watoto wake, na kiasi cha mafuta anachokula kwa juma. Jambo moja tu halikuandikwa mu kitabu: yeye mwenyewe anawaza nini. Kisha vita, mwaka 1946, serkali iliruhusu baraza za wafanyakazi weusi ndani ya kampani. Lakini baraza hizo zilikuwa za kutoa mashauri, hazikuwa na nguvu ya kuamua.

Wakati watu walinyimwa sauti, hawakubaki bure. Walikuwa na mipango yao wenyewe ya kutunzana. Kulikuwa vyama vya watu wa kwao, vilivyokusanya franka kwa ajili ya mugonjwa na kilio. Kulikuwa ngoma ya mbeni, yenye vyeo vyake vya mufalme na munganga, ambamo mutu aliyeitwa "boy" juma nzima alikuwa mukubwa siku ya yenga. Kulikuwa likelemba, na kulikuwa vyama vya maombi. Kampani na serkali mara waliviacha, mara waliviogopa, mara walitaka kuviongoza. Mupira nao ulienda njia hiyo. Timu tunayoita leo TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionere wa Benedikto kwa ajili ya vijana. Wao walitaka nidhamu. Watu wakaichukua, wakaifanya yao, na leo mutu wa Lubumbashi anaweza kukosa kula lakini hakosi kujua Mazembe imefunga ngapi. Kitu ambacho watu wamekifanya chao kinabaki. Kile wanachopewa tu kinaondoka pamoja na mwenye kukitoa.

Na mwenye kukitoa akaondoka kweli. Mwaka 1967 serkali ya Mobutu ilichukua Union Minière, ikawa Gécomin, kiisha Gécamines. Mposho uliendelea, na lopitali, masomo na mufuko wa bunga kila mwezi. Mutoto wa Gécamines alijulikana mu kartiye kwa viatu vyake. Katikati ya miaka ya 1980 kampani ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mu mwezi wa tisa 1990 mugodi wa Kamoto ukaanguka. Mashini zikazeeka, feza ikaibiwa, inchi ikaingia mu fujo, na mwaka 1994 shaba haikufika ata tani 50,000. Mushahara ukachelewa mwezi moja, kiisha sita, kiisha mwaka. Mufuko wa bunga ukakatika. Lopitali ikabaki na kuta.

Mwaka 2003 hadi 2004, kwa feza ya Banki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa mupango ulioitwa "kuondoka kwa mapenzi". Walipewa feza mara moja tu, na deni la miaka mingi likafungwa. Kwa wengi feza ile haikukaa. Wazee waliokuwa wamelishwa, wamelazwa na wametibiwa na kampani tangu utoto wao walipashwa kujifunza kwa miaka hamsini namna ya kupanga feza, kukodisha nyumba, kulipa munganga. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwana-historia wa Iniversite ya Lubumbashi, aliandika kitabu juu ya watoto hao wa shaba walioachwa na baba yao. Kichwa cha kitabu kinatosha: "Bana Shaba abandonnés par leur père".

Nani aliokoa jamaa? Mara mingi wamama. Wale wale ambao mupango uliwaondoa shambani na sokoni wakarudi shambani na sokoni. Walilima mahindi na mihogo kandokando ya muji, wakapanda matembele nyuma ya nyumba, wakauza makala, bunga na munkoyo. Ujuzi uliodharauliwa ulilisha watu wakati ujuzi wa wakubwa uliposhindwa. Sasa mwanagronomi akikuuliza kwa nini anaingiza bustani mu mupango wa afya ya wafanyakazi, mujibu kwa historia hii.

Tunabeba nini kutoka kwa haya yote? Mimi naona mambo matano kwa mutu anayetaka kuandika mupango leo.

La kwanza: hesabu sahani, usihesabu kontra. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamulazimisha mwenye kazi atibishe mufanyakazi pamoja na bibi ao bwana wake na watoto. Ni vizuri, na tusikubali ipunguzwe. Lakini mufanyakazi wako anaweza kuwa analala macho wazi ju ya mama yake aliye Manono, ambaye hayuko mu karatasi. Muulize nani anakula kwa mushahara wake. Bila swali hilo, masomo yako juu ya wasiwasi ni maneno ya hewa.

La pili: anza na chakula. Mutu anayetoka nyumbani saa kumi ya usiku bila kula, anapanda bus, anatumika saa kumi na mbili, haitaji kikapo cha matunda kila juma. Anahitaji chakula cha moto ambacho anakijua: bukari, maharagi, sombe ao matembele, samaki kidogo. Bunga nyeupe sana imepoteza maganda na kiini cha mahindi, na faida mingi imeenda navyo. Maharagi na majani mabichi yanarudisha sehemu kubwa, kwa bei ndogo. Yanunuliwe kwa walimaji wa karibu, basi kartiye nzima itafaidika.

La tatu: heshimu kilio. Kwetu mutu hapimi upendo wa kampani kwa mazoezi ya saa sita. Anaupima siku amefiwa. Nani alikuja? Nani alikaa chini pamoja naye? Alipewa siku ngapi, na mufiwa wa aina gani amehesabiwa kuwa "jamaa"? Mujomba aliyekulea si mutu wa mbali. Kampani ya zamani ilielewa jambo hilo, njo maana ilitoa sanduku. Siku tatu za ruhusa na bus moja ya kupeleka wenzake zinaponyesha roho kuliko hotuba mingi.

La ine: weka fasi ya kusema, na yenye nguvu. Uliza mbele ya kuandika, kwa Kiswahili, pamoja na wamama wa usafi na walinzi, si mashefu peke yao. Tena usisahau wale wa kampani ndogo za kandarasi, wanaovaa kofia ya rangi ingine na kufanya kazi ile ile. Kama mupango hauwahusu, hauna haki ya kuitwa mupango wa wafanyakazi. Mwaka 1941 unatuambia mwisho wa kumulisha mutu huku umemufunga mudomo.

La tano: jenga kitu kitakachobaki siku kazi itaisha. Madini yanaisha, kontra inaisha, bei ya kobalti inapanda na kushuka. Basi tia nguvu likelemba ya wafanyakazi bila kuinyanganya kutoka mikono yao. Saidia bibi ao bwana apate kazi yake, jamaa ipate bustani, kijana ajifunze ufundi. Mupango muzuri si ule unaofanya mufanyakazi aseme "kampani njo baba." Ni ule unaomuwezesha, siku anatoka pale kwa sababu yoyote, atoke na miguu yake miwili.

Wale 10,655 si namba ya mbali. Wengi mu grupu hii ni watoto wao ao wajukuu wao. Tulisoma kwa makala iliyouzwa, kwa mahindi ya shamba la mama, kwa feza ya shangazi. Leo sisi njo tunaitwa ndani ya biro kuandika namna watu watatunzwa. Kalamu iko kwetu. Mbele ya kuandika musitari wa kwanza, tuulize mumoja wa wale wazee ao wamama: nini ilikusaidia kweli, na nini ilikuacha mikono mitupu? Majibu yao hayako mu mupango wowote wa kukopi.